Nyuzi za piano zimekatika: kipi ununue, kipi utengeneze mwenyewe

Swali: Shikamoo fundi. Mi ni mwalimu wa kwaya hapa Tanga, tuna piano ya zamani ile ya kusimama, nyuzi tatu zimekatika, mbili za katikati na moja ya besi yenye shaba. Kabla ya ualimu nilikuwa fundi pikipiki kwa iyo plaizi, soketi, nyundo na grainda ninazo. Nimeona mtandaoni boksi la vifaa vya piano vipande 20, bei imeniuma kidogo. Ninunue lile au nilivyonavyo vinatosha? Na uzi wenyewe, kuna jamaa huku Ngamiani anasema spoku ya baiskeli inakaa, au waya ya breki. Ni kweli?

Jibu: Marahaba mwalimu. Nianze na la mwisho maana ndo lenye hatari: spoku usiweke na waya ya breki usiweke. Uzi mmoja wa piano ukishatyuniwa unavutwa kwa nguvu ya kilo 70 mpaka 90 hivi, yaani ni kama umemning'iniza mtu mzima kwenye waya isiyofika hata milimita moja unene, na piano nzima ina nyuzi kama 230, we jumlisha utaona kwa nini ndani kuna ile fremu ya chuma inayowatoa watu jasho siku ya kuhamisha. Waya inayobeba mzigo huo ni chuma cha kaboni nyingi kilichovutwa kikiwa baridi mpaka kikakakamaa, spoku haifiki huko, itavutika, itashuka sauti kila ukigeuka alafu siku moja itakatika na we umeinama hapohapo. Ya breki ni vijiwaya vingi vimesokotwa pamoja, hata ikihimili haiimbi, inakoroma. Nyuzi za gitaa zile nyembamba zisizozungushiwa kitu ni waya ya ukoo huohuo kweli, ila ni nyembamba mno na fupi mno.

Kabla ya vifaa angalia kitu kimoja leo hii hii jioni. Zile mbili za katikati unazosema zimekatika, fuata zilikokwenda chini. Kwenye piano nyingi waya moja inatoka kwenye pini ya juu (kile chuma kinachogeuzwa kukaza uzi), inashuka, inazunguka kijiti cha chuma kule chini, inarudi juu kwenye pini ya jirani, kwa iyo waya moja inahesabika nyuzi mbili. Ikikatika sehemu moja zote mbili zinalegea, na wakati mwingine uzi mmoja ni wa noti hii na mwenzake ni wa noti ya jirani, unakuta noti mbili zimeharibika kwa ajali moja. Inawezekana kabisa huna nyuzi mbili zilizokatika bali waya moja tu. Ukikuta kila uzi una kitanzi chake kule chini (piano kadhaa za Kijerumani zimefungwa hivyo) basi ni mbili kweli, na itabidi ujifunze kufunga kitanzi.

Sasa boksi. Usinunue. Nimeshayaona mengi, karibu yote ni maboksi ya kutyuni, sio ya kubadilisha nyuzi: kuna ufunguo wa kugeuzia pini, kabari za mpira, ukanda wa felti, uma ya kupigia sauti, alafu vijidude vya kujazia ili hesabu ifike 20. Cha kukatia waya hamna, cha kupimia hamna, cha kuinulia koili (ile mizunguko ya waya kwenye pini) mara nyingi hamna. Na ule ufunguo kichwa kinacheza, ukiusukuma unausikia tik kabla pini haijaanza kugeuka, na iyo tik ndo inakunyima kujua pini imeenda au ni mkono wako tu. Hela yako igawe hivi: sehemu kubwa kwenye ufunguo mzuri mmoja, inayofuata kwenye maikromita (kifaa cha kupimia unene wa waya), ya tatu kwenye waya, vilivyobaki utavitengeneza mwenyewe na iyo grainda, nitakuambia.

Ufunguo unakula hela zaidi, ila kwa umuhimu mi maikromita naiweka mbele hata ya ufunguo. Najua kwenye pikipiki ulikuwa na venia, na ile ya dijitali inaonyesha mpaka 0.01 kwa iyo inakudanganya kwamba inatosha, ila makosa yake yenyewe ni 0.02 au 0.03 na nyuzi za piano zinapishana kwa 0.025 tu. Kwa vipimo vya Kijerumani namba 13 ni 0.775 mm, 14 ni 0.825, 15 ni 0.875, 16 ni 0.925, 17 ni 0.975, 18 ni 1.025, na kati ya kila namba kuna nusu yake. Ukiweka 17 palipokuwa 16, ili ufike sauti ileile lazima uivute zaidi kwa asilimia 11, na hata ukiifikisha haitaimba sawa na wenzake wawili wa noti iyo, utatyuni mpaka uchoke, kuna kitu kitabaki kinakwaruza sikio na hutajua ni nini. Viwanda vingine namba zao zinapishana kidogo na za Wajerumani, kwa iyo ukiagiza andika milimita, usiandike namba peke yake.

Upimaji nao una ujanja wake. Usipime penye kutu, kutu inaongeza unene. Chukua kipande kilichokatika, kipitishe msasa laini kidogo sana, futa, pima sehemu tatu tofauti mbali na koili na mbali na pale ilipojikunja. Alafu pima na nyuzi za jirani ambazo hazijakatika, kwa sababu inawezekana ule uliokatika aliuweka fundi aliyetangulia na aliweka alichokuwa nacho mfukoni. Na mulika tochi kwenye fremu na kwenye mbao, piano nyingine zina namba za waya zimepigwa mhuri au zimeandikwa kwa penseli pale unene unapobadilika. Ukizikuta umeokoa kazi, ila bado pima.

Ufunguo. Pini ya piano juu ni mraba, na ule mraba unapungua kwenda nchani kama kabari, ndo maana soketi zako hazifai. Ya kona 6 haishiki kabisa, ya kona 12 inashika ncha za kona tu na inayumba. Hili sikusimulii kwa kusikia, nilipoanza kazi nilikuwa na soketi ya kona 12 nimeichomelea mkono wa bomba, najiona mjanja, nikaenda nayo kwenye kinanda cha kanisa moja, pini ya tatu tu nikaizungusha kona zikaisha ikabaki duara kama kalamu. Kuitoa ilibidi niikamate kwa plaizi ya kujifunga na pini mpya nikaisubiri miezi kutoka ng'ambo, na noti yenyewe ilikuwa ya katikati kabisa, ile mpigaji anaigusa kila wimbo, mzee wa kanisa alikuwa akiniona anageuza uso. Nunua ufunguo wenye kichwa cha nyota, yaani ndani una kona 8, unakaa kwenye pini kila robo ya nusu duara kwa iyo unapata mahali pazuri pa kuweka mkono, wa mraba wa kona 4 unakulazimisha. Saizi ya kichwa inayoingia piano nyingi ni namba 2. Kwa piano za zamani sana unaweza kukuta pini nyembamba zinataka namba 1, au pini bapa ambazo zina kichwa chake, kwa iyo kabla hujalipa pima pini yako unene pale chini ya mraba, ukipata karibu na milimita 7 uko salama na namba 2. Chagua wenye kichwa cha kufungua kwa skrubu ili baadaye ubadilishe kichwa tu. Kijifunguo cha kanuni, ile ya taarabu, usikijaribu, nimeulizwa hilo mara mbili na waungwana wa Zanzibar.

Kukatia. Plaizi ya kawaida ukikata waya hii mdomo unabaki na meno kama msumeno, waya inashinda chuma cha plaizi. Tafuta kikata bolti kidogo cha inchi 8, Knipex wana ya kwao inaitwa CoBolt inakata waya ya piano bila kulalamika, ila hata ya bei ya chini yenye mdomo mgumu itakata nyuzi mbili tatu ulizonazo. Usikate kamwe uzi ambao bado umevutwa, legeza kwanza kwa ufunguo mpaka unautikisa kwa kidole. Na miwani vaa, ya kuchomelea isiyo na giza au ya kusagia inatosha. Waya inayofunguka kutoka kwenye roli nayo inaruka kama nyoka, fungua roli ukiwa umelikanyaga kingo au lichomoe kidogokidogo ndani ya ndoo.

Sasa vya kutengeneza. Cha kuinulia koili: chukua bisibisi bapa kuukuu, ipashe moto, ikunje ncha digrii tisini hivi, alafu saga ncha iwe nyembamba iweze kupenya chini ya mzunguko wa waya bila kugusa fremu. Cha kusogezea uzi kulia kushoto: bisibisi nyingine, kata mfereji mdogo nchani kwa tupa ya pembetatu, sugua mfereji mpaka uwe laini usikwaruze waya. Kulabu ya kuvutia uzi nyuma ya mashine ya nyundo: spoku! Jamaa yako atafurahi, spoku imepata kazi. Ikunje ncha iwe kijidoano na upande wa pili tia mpini wa mti. Na cha mwisho, pini ya bandia: agiza pini moja ya ziada unapoagiza waya, itie kwenye mpini kama wa tupa, upande wa chini wenye meno ndani ya mti, upande wa juu wenye mraba na tundu nje. Hii nakuambia ndo itakuokoa maana koili unaitengenezea mezani kwenye mwanga, sio umejikunja kichwa ndani ya piano. Plaizi ya mdomo mrefu unayo. Kabari za mpira nunua mbili, au kata raba ya ndala.

Kazi yenyewe ikoje, chukua uzi mmoja wa katikati. Unafungua mbao za mbele, unapiga picha kila kitu, unalegeza zile nati mbili mpaka nne za juu zinazoshika mashine ya nyundo, mnaitoa wawili, mmoja kila upande, mnaivuta kwenu taratibu bila nyundo kugusa kitu, mnaiweka kwenye meza iliyo sawa. Pini ya uzi uliokatika unaigeuza kinyume na saa mpaka koili kuukuu ilegee, unaing'oa ncha yake tunduni kwa bisibisi ndogo, koili inachomoka. Jumla hiyo pini igeuzwe kinyume kama mzunguko mmoja kutoka pale ilipokuwa wakati imetyuniwa, hapo itakuwa imepanda juu kidogo, usiogope, mzunguko wa mwisho wa waya mpya utairudisha palepale ilipokuwa bila kupigwa nyundo hata moja. Fanya hivyo kwa pini zote mbili.

Mezani unachomeka ncha ya waya kwenye tundu la pini ya bandia, iingie mpaka ifike ukingo wa pili lakini isitokeze, unakunja kwa plaizi kona iwe kali, unazungusha mizunguko 2 ikibana hakuna nafasi kati ya mzunguko na mzunguko, wa tatu utajifunga kwenye pini ya kweli ukikaza. Unaichomoa nzima, unaivisha pini ya kweli, ncha inarudi tunduni, unaibana kwa plaizi, unageuza ufunguo mzunguko mmoja ishike. Unashusha waya nyuma ya ile baa ya kubana (chuma kirefu kinachokandamiza nyuzi kule juu), unaipitisha kwenye vijiti vya daraja (ile mbao nyuzi zinapolalia), unazungusha kijiti cha chini, unapandisha juu mpaka pini ya pili. Hapa ndo watu wanakosea kipimo: vuta waya iwe imenyooka, kata ikiwa imepita pini kwa sentimita 7. Hesabu yake ni rahisi, pini ya milimita 7 mzunguko wake ni kama milimita 22, mara 3 ni 66, na kidogo ya kuingia tunduni. Ukikata fupi unapata koili ya mizunguko miwili, ukikata ndefu koili inashuka mpaka inagusa fremu. Tengeneza koili ya pili, ivishe, geuza huku mkono mwingine na kile kibisibisi chako ukiinua koili juu ibane, acha nafasi kama milimita 5 kati ya koili na fremu. Usipoinua, mizunguko inapandana kama mwanafunzi anafunga kamba za viatu na uzi hautatulia mwezi mzima.

Uzi ukishaanza kutoa sauti, sogeza ukae katikati ya wenzake, alafu bonyeza pale unapokutana na vijiti vya daraja kwa kipande cha mti mgumu. Bonyeza, usigonge, nyundo hapo inachimba daraja. Kipande hichohicho kipitishe juu ya uzi urefu wote ukikandamiza kidogo, kinaunyoosha mapema ule mlegeo ambao vinginevyo ungekusumbua wiki nzima.

Pini ukizikuta laini, yaani zinageuka kama bisibisi kwenye siagi, hapo ni tatizo la mbao sio la uzi, kunatakiwa pini nene hatua moja. Na tafadhali sana kwa jina la kwaya yote, usipulize WD-40 wala mafuta yoyote kwenye pini. Najua mkono wa fundi pikipiki ukiona kutu unaenda kwenye chupa wenyewe. Mafuta yakiingia kwenye mbao ya pini msuguano umekwenda, pini hazitashika tena, na kuyatoa hamna namna. Kutu ya kwenye nyuzi nayo usiipake kitu, futa kavu.

Uzi wa besi ni habari nyingine na hapo vifaa vyako havitasaidia sana, maana ule wa shaba haununuliwi kwa mita, unatengenezwa kwa kipimo chake. Angalia umekatika wapi. Mara nyingi unakatika juu karibu na pini pale ulipojikunja, na sehemu yenye shaba iko nzima. Kama kumebaki waya ya chuma tupu ya sentimita kadhaa juu ya shaba unaweza kuunga kipande cha waya mpya ya unene uleule kwa fundo la mafundi piano, vitanzi viwili vinavyoingiana kila kimoja kikibana mkia wa mwenzake, ukivuta vinakazana. Jizoeze kwanza mezani mara kumi kwa waya chakavu. Fundo lisiguse pini wala baa. Mi nina kinanda nilichofunga fundo nikisema ni la muda, mpaka leo lipo. Kama umekatika ndani ya shaba au shaba imekufa sauti, inalia bu badala ya boom, fungasha vipande vyote viwili, andika noti yake, tuma kwa watengenezaji wa nyuzi za besi, wanautengeneza mwingine kwa kuupima ule. Uzi mpya ukija, shika kwa glavu safi maana jasho la mkono linaacha alama kwenye shaba, na kabla ya kuuvisha kule chini usokote mzunguko mmoja kwa upande uleule shaba ilikozungushwa, inakaza, usipofanya hivyo unaweza kuja kusikia mlio kama nyuki.

Mko Tanga, bahari iko hapo, kwa iyo nina wasiwasi na nyuzi zilizobaki kuliko zilizokatika. Pitisha kidole kwenye koili na pale juu kwenye baa, ukikuta unga mwekundu basi kabla ya kupandisha uzi wowote ushushe kwanza kidogo mpaka usikie kama umeachia, ndo upandishe. Kutu inaigandisha waya kwenye baa, ukiivuta juu moja kwa moja inakatikia hapohapo. Nadhani hata hizi tatu zilikufa hivyo, kuna mtu alikuja kutyuni si ndiyo?

Kwa kutyuni uzi mpya, programu ya simu au kile kibanio cha kutyunia gitaa kinatosha kukufikisha karibu, alafu ziba wenzake kwa kabari na malizia kwa sikio ukilinganisha mmoja mmoja mpaka lile wimbi la wawawa litulie. Kesho utaukuta umeshuka. Keshokutwa tena. Wiki ya kwanza upandishe kila siku, baadaye kila wiki, na Jumapili ya kwanza uzibe tu kwa kabari, noti ina nyuzi nyingine itaimba, waumini hawatajua.

Waya agiza kidogo. Mita moja ya namba 16 ina uzito wa kama gramu 5.3 kwa iyo roli la nusu kilo ni karibu mita 95, utazeeka nalo na litaota kutu. Wapo wanaouza vipande na viroli vidogo, mi nimetumia ya Röslau ya Ujerumani na ya Mapes ya Marekani, zote nzuri. Ikifika ifunge kwenye karatasi yenye mafuta kidogo ndani ya mfuko uliozibwa, na uifute kabla ya kuivisha. Kabla hujalipa nitumie picha tatu: pini ukiwa umeweka rula pembeni, kule chini waya inakozungukia, na huo uzi wa besi pale ulipokatika, pamoja na vipimo vyako vitatu vya maikromita.